Shithi zinazopindika za ablesheni: ncha tamu, ila kagueni mkia

Nimeona watu wengi wanaulizia hizi shithi kubwa zinazopindika, zile za ablesheni, yaani kuunguza vijisehemu vya moyo unaodunda ovyo, na majibu wanayopewa karibu yote ni ya ncha tu, inapinda digrii ngapi, inatulia vipi ikishavuka ukuta, mshikio wake mzito au mwepesi. Sawa, ncha ina raha yake na nitaigusa kidogo, ila mimi kazi yangu iko upande wa pili wa meza, naandaa vifaa, nasafisha mirija kwa salaini (maji ya chumvi), napokezana katheta na daktari, kwa hiyo shithi mi naijua kwa nyuma. Na huko nyuma ndo hewa inakoingilia. Hii rivyu basi ni ya mkia, yaani ule upande unaobaki nje ya mgonjwa, mwenye hamu ya sifa za ncha atazipata kwa muuzaji bila hata kuuliza.

Jina la kampuni siandiki, kwanza kwa sababu kasoro nitakazosema nimezikuta kwa watengenezaji zaidi ya mmoja, pili kwa sababu aina zinabadilika, leo wana vali hii kesho wameleta nyingine. Cha kuangalia ndo hakibadiliki.

Kwa asiye wa fani anayesoma: shithi ni mrija mrefu unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja, unapanda hadi chumba cha juu cha kulia cha moyo, pale ukuta unatobolewa kwa sindano na mrija unavuka kwenda chumba cha kushoto. Katheta zote za kupima umeme na za kuunguza zinapita humo humo ndani, moja inatoka nyingine inaingia. Hewa ikiingia upande wa kulia kidogo tu mapafu yanaichuja, mgonjwa hata hajui. Ikiingia kushoto hakuna chujio, kituo kinachofuata ni mishipa ya moyo wenyewe au ubongo. Na tangu daktari Haïssaguerre na wenzake kule Bordeaux, Ufaransa, waonyeshe mwaka 1998 kwamba cheche nyingi za atiria (vyumba vya juu vya moyo) kutetema zinaanzia kwenye mishipa ya mapafu, kazi yetu kubwa imehamia huko huko kushoto, yaani kila siku tuna bomba lililokaa kwa masaa, kichwa kiko ndani ya moyo na mkia uko nje mezani kwenye hewa ya chumba, kinachotenganisha hivo viwili ni kijivali cha silikoni tu. Ukilifikiria sana hutalala.

Sasa ukubwa. Hili wengi hawalipigii hesabu na ni hesabu ya shule. Shithi ya Fr 8.5 (Fr ni kipimo cha unene wa mirija) uwazi wake wa ndani ni kama milimita 2.8, kwa urefu wa sentimita 70 inabeba karibu mililita 4.4. Hizi mpya pana za Fr 13, za kupitishia puto na zile katheta za mapigo ya umeme zenye matawi, uwazi ni milimita 4.3, kwa urefu ule ule inabeba zaidi ya mililita 10. Haya, linganisha na hiki: kwenye mshipa wa moyo hata nusu mililita mpaka mililita moja ya hewa inatosha kuleta balaa, na kwenye ubongo mililita 2 au 3 zinaweza kuua. Kwa hiyo shithi tupu ambayo mtu hakuijaza salaini vizuri ina hewa ya kumaliza mtu na chenji ikabaki. Na ndo maana ukivuta damu kabla ya kusukuma maji, usivute mililita 3 ukaridhika kwa sababu umeona wekundu kwenye sirinji, vuta mpaka upite ujazo wa shithi yenyewe. Ile tabia uliyojifunza kwa shithi nyembamba ukihamia pana haitoshi tena. Karatasi ya ndani ya boksi nayo, kwenye aina moja niliyotumia, ujazo haujaandikwa popote, wameandika urefu na kipenyo halafu mchezo wamekuachia wewe. Hapo nawatoa nusu nyota bila huruma.

Tuje kwenye vali. Ikitoka kwenye boksi inabana safi, hakuna la kusema. Shida inaanza ukishapitisha katheta zenye maumbo, ile ya duara, ile ya matawi, ile yenye puto, maana ule mpasuko wa silikoni ulitengenezwa ukumbatie kitu cha mviringo sasa wewe unapitisha kitu chenye mabega. Wakati matawi yanapita kwenye vali kunakuwa na vinafasi pembeni, na humo ndo hewa inabebwa imejificha kati ya tawi na tawi. Kampuni zinakupa kile kibomba kidogo cha kukunjia matawi kabla ya kuingiza, kitumieni, tena kikunjieni ndani ya bakuli la salaini, katheta izame kabisa, itikiseni mpaka mapovu yatoke, halafu ingizeni katheta, mkia wa shithi ukiwa umefunikwa na maji ya salaini au yanamiminiwa juu yake. Nimeona watu wanakunja hewani halafu wanasukuma kwa haraka ati muda unaenda. Muda gani jamani.

Na vali ikishapitishwa vitu mara kadhaa inachoka. Dalili ni tone la damu linaanza kuchuruzika nyuma wakati hakuna katheta ndani. Watu wanalichukulia kama uchafu wa kufuta na gozi, mi naomba mlichukulie tofauti: damu ikitoka maana yake saa hiyo presha ya ndani imeizidi ya nje, na tundu lipo wazi. Presha ikigeuka, tundu lile lile litanyonya. Aina mbili kati ya nilizotumia zinaanza kuchuruzika mapema mno, kesi haijafika nusu, na kwa kifaa ambacho kinatarajiwa kubaki moyoni kesi nzima hiyo sio kasoro ya kumezea.

Presha inageukaje? Kwa kawaida chumba cha juu cha kushoto kina presha ya kama 6 hadi 12 mmHg, kwa hiyo ukiacha mrija wazi damu ndo inakuja. Lakini mgonjwa aliyekaa na njaa tangu usiku hana maji ya kutosha mwilini, presha imeshuka, amepewa dawa ya kumlaza nusu usingizi, koo limelegea, anakoroma, njia ya hewa inaziba, anavuta kwa nguvu na hewa haipiti, kifua kinanyonya, na moyo uko ndani ya kifua hicho hicho. Pale presha ya kushoto inaenda chini ya sifuri. Ukiwa umefungua mkia kwa sekunde hizo imekula kwako. Mi siku hizi nikisikia mgonjwa anakoroma nasema kwa sauti hakuna kutoa katheta sasa hivi, na daktari wa usingizi anainua kidevu kwanza au anaweka mashine ya kusukuma hewa. Waliolazwa kabisa na mrija wa kupumulia wana nafuu hapa kwa sababu mashine inasukuma, hawanyonyi wenyewe.

Halafu kuna mkono wenyewe. Katheta inayojaa shithi barabara, ukiichomoa kwa kasi unafanya kama pampu ya baiskeli uliyoivuta kinyume, nyuma yake panabaki ombwe na hilo ombwe litajazwa na kitu, ama damu kutoka mbele ama hewa kutoka nyuma, na kwa vali iliyochoka jibu mnalijua. Toa pole pole. Pole pole kweli, sio ile ya kusema tu. Kitu kingine hiki, kuvuta sirinji kubwa kwa nguvu kwenye koki ya pembeni (kile kibomba cha kufungua na kufunga kilichoungwa kwenye mkia) nako kunaweza kunyonya hewa kupitia vali, unaona mapovu kwenye sirinji unadhani unayatoa moyoni kumbe unayaingiza mwenyewe kutoka nyuma. Ukiona mapovu hayaishi kila ukivuta, acha kuvuta, shusha mkia wa shithi chini ya usawa wa moyo, acha damu irudi yenyewe kwa uzito wake, halafu kagua koki na maungio kama yamekazwa.

Koki ya pembeni hapa nataka niisifie aina moja, mrija wake ni mfupi, mgumu kiasi, unaonekana ndani, na koki ukiigeuza inagota mahali pake unahisi. Nyingine ina mrija mrefu laini unajikunja, mapovu yanaganda kwenye mkunjo huyaoni mpaka ushike tochi. Na jambo ambalo mpaka leo sielewi ni kwa nini kuna watu wanatengeneza mkia wa shithi wa rangi, buluu imekolea au kijivu, wakati pale ndo mahali pekee ningeweza kuona povu kwa jicho kabla halijaingia. Mkia uwe kama kioo. Rangi pakeni kwenye mshikio huko mnapotaka upendeze.

Salaini ya kudondoka muda wote kupitia ile koki ni lazima, yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na damu tunaipima ACT, muda inaochukua kuganda, ibaki angalau sekunde 300 maana hewa sio adui peke yake, kuna mabonge ya damu pia. Ila angalieni mfuko wenyewe. Mfuko wa salaini uliobanwa na mfuko wa presha, kama mtu hakutoa hewa iliyokuwemo kabla ya kuufunga, maji yakiisha kinachosukumwa ni hewa, tena kwa presha. Pampu za katheta za kupooza kwa maji zina kihisi cha mapovu zinasimama zenyewe, huu mfuko wa pembeni hauna akili yoyote. Ninapoandaa mfuko nautoa hewa yote mpaka ukunjamane ndo naubana.

Kilichonifanya nianze kukagua mikia kwa ukali ni kesi moja, sisemi wapi. Mgonjwa amelala nusu usingizi, katheta ya kuchora ramani inatolewa ipishwe ya kuunguza, shithi ni zile za kuchuruzika mapema. Kwenye ultrasaundi ya ndani ya moyo ghafla chumba cha kushoto kikawa na nyota nyeupe zinapanda juu, na kabla hata hatujaongea ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, ikabadilika, sehemu yake ya ST imepanda kwenye mistari ya II, III na aVF inayotazama upande wa chini wa moyo, mapigo yakaanza kushuka, presha nayo inateremka. Picha hiyo ukiiona mara moja huisahau na ina sababu yake: mgonjwa akilala chali mdomo wa mshipa wa kulia wa moyo ndo uko juu, hewa ni nyepesi inapanda, inaingia humo. Ndo maana mara nyingi inaonekana kama shambulio la moyo la upande wa chini na mapigo kuwa taratibu au umeme kukatika kati ya vyumba.

Kilichofanyika, nakiandika kwa mpangilio wa tulivyokwenda sio wa kitabu. Mkia ukazibwa na koki ikafungwa, hakuna kuingiza wala kusukuma kitu kingine chochote kupitia shithi, hata maji. Oksijeni asilimia 100 pale pale, maana inasaidia kuitoa naitrojeni kwenye povu na povu linasinyaa. Dripu ikafunguliwa kwa kasi kuinua presha ya ndani. Dawa ya kupandisha presha ikasukumwa, na kwa kuwa tulikuwa na katheta upande wa kulia tukaanza kuuendesha moyo kwa umeme kutokea humo wakati wake wenyewe unasuasua. Daktari akavuta taratibu kupitia shithi kutoa hewa iliyokuwa bado inaelea juu chumbani, akiongozwa na ultrasaundi. ST ikashuka ndani ya dakika chache, na kwa hewa kwenye mshipa wa moyo mara nyingi ndo inavyokuwa, presha ikishikiliwa damu inayasukuma mapovu yanapita. Moyo ukisimama unakandamizwa kifua kama kawaida, na huko kukandamiza kwenyewe kunasaidia kuyavunja. Kama mgonjwa anapewa gesi ya nitrasi oksaidi kwenye usingizi izimwe mara moja, hiyo inalivimbisha povu.

Kulikuwa na aliyetaka tumlaze kichwa chini miguu juu. Hilo ni la zamani, linatokana na hewa ya upande wa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ambako mwaka 1947 daktari Durant alieleza kumlaza mgonjwa ubavu wa kushoto ili hewa isizibe njia ya kwenda mapafuni. Kwa hewa iliyoshaingia upande wa ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), mwendo wa damu una nguvu kuliko wepesi wa povu, halafu kichwa kikiwa chini ubongo unazidi kuvimba. Chali, bapa, basi.

Na hapa wengi wanapoteza muda: moyo ukitulia watu wanashangilia wanaendelea na kesi. Ubongo je? Mgonjwa yuko usingizini, hawezi kukwambia mkono umekufa ganzi. Sisi usingizi ulipunguzwa akaambiwa ainue mikono, asukume miguu, ataje alipo. Angekuwa hajaamka inavyotakiwa, au upande mmoja umelegea, au anatukutika kifafa, hapo ni kukimbilia chumba cha oksijeni ya mgandamizo. Kile chumba kinafanya kazi kwa fizikia ya kawaida kabisa, mgandamizo ukiwa wa anga 2.8 povu linabaki kama asilimia 36 ya lilivyokuwa, halafu oksijeni inaoshea naitrojeni nje. Ratiba inayotumika sana, ile ya sita ya jeshi la majini la Marekani, inachukua karibu masaa matano. Mapema ndo bora, ndani ya masaa 6 ya kwanza, ila hata akichelewa anapelekwa. CT ya kichwa (picha za eksirei za kompyuta) inapigwa kuhakikisha sio damu imevuja, lakini CT isiyoonyesha hewa haimaanishi hakuna, msiisubirie iwaruhusu. Kama kituo chenu hakina hicho chumba, namba ya simu ya kilipo iwe ukutani tangu jana.

Niseme na hili ingawa shithi haihusiki hata chembe. Mgonjwa aliyefanyiwa ablesheni akirudi baada ya wiki 2 mpaka 6 ana homa, kumeza kunauma, halafu dalili za kiharusi, wazeni tundu kati ya moyo na umio. Hapo hewa inatoka tumboni. Asipelekwe kwenye kamera ya kumeza, kamera inapuliza hewa na hewa inakwenda moja kwa moja ubongoni. CT ya kifua, na mpasuaji aitwe.

Turudi kwenye bidhaa. Ncha niliahidi kuigusa: inapinda vizuri, inashika pembe uliyoiweka, alama yake inaonekana wazi kwenye eksirei, madaktari wanaipenda na wana haki. Tena kuna faida ya usalama ambayo wauzaji hata hawaitaji, shithi inayopindika vizuri inapunguza kubadilisha badilisha, na kila badilisho mlilolikwepa ni mlango mmoja ambao haukufunguliwa. Vivyo hivyo zile seti ambazo waya huo huo unatoboa ukuta na kuongoza shithi, hatua mbili tatu zinaondoka. Nyota 5 kwa ncha. Mshikio 4, mikono midogo inateseka. Koki inategemea aina, kati ya 2 na 4. Vali 2, naipa 2 kwa sababu ya zile zinazochoka mapema, kuna aina moja yenye vali mbili zilizopangana iliyonifurahisha, hiyo peke yake ningeipa 4. Karatasi ya maelezo 1, na hiyo moja ni ya michoro.

Kwa mnaokwenda kununua, msikubali onyesho la muuzaji la kupinda ncha kwenye moyo wa plastiki. Ombeni sampuli na muilete kwenye beseni. Jazeni shithi salaini, ncha izame kwenye chombo kilicho chini zaidi ya mkia ili maji ndani yawe yanavuta kwenda chini, mkia ubaki juu hewani, koki imefungwa, hapo mmetengeneza ule mnyonyo wa mgonjwa anayekoroma. Subirini muone kama povu linashuka lenyewe. Halafu pitisheni katheta mnayotumia kweli, yenye matawi au puto lake, mara nyingi kama mnavyofanya kwenye kesi ndefu, ichomoeni mara pole pole mara kwa kasi, na mwingine akae anaangalia ncha chini kwenye maji. Aina iliyokuwa inasifiwa kuliko zote kwetu ilitoa mapovu kwenye beseni tulipochomoa kwa kasi kwa mara ya kwanza kabisa, muuzaji akasema haitumiwi hivyo. Tulimuuliza imeandikwa ukurasa gani, bado anatafuta.